Mwiko wa Bi. Mboni

Sogeeni. Walio nyuma wapishwe mbele, na mwenye simu aizime. Leo nawaletea watu watatu na kitu kimoja. Kitu hicho hakikatwi vipande, na watu hao hakuna aliye tayari kumpisha mwenzake. Nikifika mwisho nitanyamaza, na nyinyi ndio mtakaosema.

Katika mtaa wa Relini, mji mdogo chini ya milima ya Usambara, waliishi wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Chausiku, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alikuwa mpishi wa shughuli. Wapishi wengine hufunua sufuria kutazama kama wali umekauka, Chausiku hakufunua. Aliegemeza kijiti kwenye ubavu wa sufuria, akaweka sikio kwenye ncha ya pili, kisha akasema, "Bado unakunywa," au, "Umeshiba, upalieni makaa." Hakuna aliyemkumbuka akikosea.

Wa pili aliitwa Namkunda, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alikuwa mfinyanzi. Mtungi wake ukijazwa asubuhi, adhuhuri maji yake yanauma meno. Lakini ndoo za plastiki zilipofika sokoni, za rangi zote na zisizovunjika, watu waliacha mitungi, na Namkunda akabaki kufinyanga vyetezo vya ubani. Akiulizwa hali, alijibu, "Mimi mzima. Mikono ndiyo imestaafishwa bila barua."

Wa tatu aliitwa Siwema, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Aliuza dagaa kando ya reli. Nusu ya wateja walinunua ili asiwaseme, na nusu walisimama kumsikiliza akiwasema hao wengine.

Hao ndio watu. Sasa kitu chenyewe.

Wanawake wa Relini walikuwa na mwiko mmoja mkubwa wa mninga, mrefu kama mpini wa jembe, uliopita mikono mingi. Aliyeushika ndiye aliyeongoza jiko katika kila harusi na kila msiba, na aliushika mpaka kufa. Na kila mshika mwiko alikuwa na haki ya kuweka mwiko: katazo moja tu, la maisha yake yote, analolitamka mbele ya wenzake. Wa kwanza aliweka kwamba chakula kisionjwe kwa mwiko wa kukorogea. Wa pili aliweka kwamba wanawake wawili waliogombana wasipike jiko moja kabla ya kupatana. Miiko hiyo miwili ilikuwa ikifuatwa hata na wasiojua majina ya walioiweka.

Desturi ilikuwa hivi. Mwiko wa mtu hupimwa siku ya arobaini yake. Ukishikwa siku hiyo, tangu moto wa kwanza hadi mgeni wa mwisho kuondoka, basi umekuwa wa mtaa milele, na nyumba ya marehemu humkabidhi ule mwiko wa mninga yule aliyelilinda katazo. Ukivunjwa siku hiyo, umezikwa pamoja na mwenyewe, na chama cha wanawake huchagua mshika mwiko kinayemtaka.

Mwaka tunaouzungumzia, mshika mwiko alikuwa Bi. Mboni, mke wa Bwana Semhando, mpima ardhi aliyestaafu. Pilau ya Mboni ilisemwa mpaka miji ya jirani. Naye, kama wapishi wote wa wakati ule, aliufunika wali kwa nailoni. Serikali ilikwisha kuipiga marufuku mifuko ya kubebea, lakini nailoni nyembamba ya vifungashio iliendelea kuingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Inatandazwa juu ya sufuria, mfuniko unakandamizwa, makaa yanapaliwa juu. Mvuke hautoki, wali unaiva haraka, na jiko la shughuli daima lina haraka.

Siku moja, kwenye harusi, Mboni aliinua mfuniko uliowekwa kando, wa sufuria iliyofunikwa na Chausiku, akaikuta nailoni chini yake imejikunja kama jani kavu. Katikati ilikuwa na tundu la upana wa kiganja. Wali wa juu ulikuwa umekwisha kupakuliwa, na masinia yalikuwa yanaliwa.

"Kipande cha hapa kiko wapi?" Mboni aliuliza.

Chausiku alitazama kwenye mfuniko, akatazama majivuni. "Labda kimeungua."

"Kimeungua kikaenda wapi?"

Siwema alikuwa kwenye sinia la karibu. Aliacha kutafuna. "Nami najiuliza tonge hili mbona linavutika kama lastiki," alisema.

Watu walicheka. Mboni hakucheka. Aliishika ile nailoni yenye tundu mpaka ikapoa mkononi mwake. Jioni ile, kabla masufuria hayajaoshwa, aliwaita wanawake wote akasema, "Nimeushika mwiko miaka mingi sijaweka mwiko. Leo naweka. Pasikae nailoni wala plastiki yoyote kati ya moto na mdomo wa mtu."

"Na maji ya chupa je?" aliuliza Bi. Hidaya, ambaye mumewe, Mbaruku, ndiye mwenye duka la vifungashio. "Yale hayapikwi."

"Chupa iliyoshinda juani juu ya gari la mumeo, hilo jua unaliitaje? Ni moto ulio mbali."

Mwaka haukuisha. Mboni aliugua ini, akafa mvua za vuli zilipoanza.

Msibani watu walitaka kumpa Semhando maneno ya kushika. "Ni ile nailoni," walimnong'oneza. "Ndiyo iliyomla." Semhando alikuwa mtu wa chuo kikuu, aliyetumia umri wake wote kutofautisha mpaka uliopimwa na mpaka unaodhaniwa. Alijibu kila mmoja kwa upole, "Madaktari hawakusema hivyo, nami sitasema. Mboni aliweka mwiko akiwa mzima. Tuushike kwa sababu alikuwa na akili, si kwa sababu amekufa." Wengine waliona ni jibu la mtu mkavu. Hawakumwona akizikunja kanga zake moja moja na kushindwa kuamua ziende kwa nani.

Arobaini ilipoanza kupangwa, Mbaruku alifika na gari lake dogo. Lilikuwa limejaa katoni za maji, nailoni rola nzima, na mifuko myeupe ya kuwafungia wageni chakula cha kwenda nacho nyumbani.

"Shemeji, sijaja kuuza," alisema. "Yote haya ni rambirambi. Hulipi kitu."

"Nashukuru kwa nia yako. Vitu virudi dukani."

"Unarudisha rambirambi?"

"Nimerudisha nailoni. Rambirambi nimeipokea."

Mbaruku alikaa bila kukaribishwa. "Tuseme ukweli, shemeji. Marehemu mwenyewe alipikia nailoni miaka yote. Mimi nimekula kwake, wewe umekula. Mbona tuko hapa tunazungumza?"

"Alipikia, kisha akaacha. Nafuata pale alipofika, si pale alipoanzia."

"Wewe ni msomi. Nionyeshe ushahidi."

"Kinachojulikana ni kwamba plastiki nyembamba ikikutana na joto na mafuta huachia baadhi ya kemikali zilizomo ndani yake. Pilau ina joto na ina mafuta. Kisichojulikana ni kiasi gani kinamdhuru nani, na baada ya muda gani."

"Basi hujui."

"Kiasi sikijui. Na nisichokijua kiasi chake siwezi kumpakulia mgeni nikamwambia karibu. Halafu kuna mtaro wa nyuma ya msikiti, Mbaruku. Huo naujua. Niliupima mwenyewe ulipochimbwa. Nenda ukautazame leo, uniambie kama unaona maji au unaona duka lako."

Mbaruku alisimama. "Wageni watashinda na kiu, watakula wali kiini, nusu mbichi, watarudi mikono mitupu. Watasema ubahili."

"Waseme. Sisi hatutaki nailoni humu."

"Sisi nani? Humu ndani nakuona wewe peke yako."

"Mimi na Mboni," alisema Semhando.

Mbaruku aliinamisha macho, maana hata yeye alimpenda marehemu. Lakini alipofika mlangoni alikuwa amejikaza tena. "Sawa. Gari nitaliegesha barabarani, si kwako. Watu wakishikwa na kiu hawataulizana habari za mwiko."

Maneno yalienea. Rambirambi imerudishwa. Mwanamume anaingilia jiko. Msomi amepigwa na msiba mpaka kichwani. Na kila mtu alijua kwamba mwiko wa Mboni ukivunjika, chama kitampa Hidaya ule wa mninga, na Hidaya amekwisha kusema kwamba nailoni ni maendeleo.

Semhando alivaa viatu akawaendea wanawake watatu.

Kwa Chausiku aliuliza swali moja: "Pilau ya watu wengi inaweza kuiva bila nailoni?"

"Bibi zetu walikuwa hawali?" alijibu Chausiku. Kisha akainama. "Lakini shemeji, mimi ndiye niliyeitandaza ile ya harusini. Utaniamini?"

"Mboni hakukufukuza jikoni. Mimi ni nani?"

Kwa Namkunda aliomba mitungi ya kutosha mtaa mzima. Namkunda alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mvua hii? Udongo haukauki, na usipokauka unapasuka motoni."

"Inawezekana au haiwezekani?"

"Nimesema inapasuka. Sijasema haiwezekani. Wanaume mnasikia nusu."

Kwa Siwema hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alinunua dagaa. Siwema alimfungia kwenye gazeti. "Shemeji wewe huli dagaa. Mboni aliniambia. Sema ulichofuata."

"Wageni watataka chakula cha kwenda nacho nyumbani. Nataka kila mmoja aje na bakuli lake."

"Kumwambia mtu wa Relini aende shughulini na chombo? Wataona umewaita wakasaidie kuosha." Alicheka peke yake. "Niachie mimi. Miaka yote nimesema watu bure, leo nimepata kazi."

Basi kila mmoja akaingia kazini.

Chausiku alikwenda migombani kuchagua majani mapana yasiyochanwa na upepo. Aliyababua juu ya moto mdogo mpaka yakalainika na kung'aa, akayajaribu kwenye sufuria ya nyumbani, tena na tena. Jani moja lilivujisha mvuke. Mawili yalivuja kidogo. Alipofikia matabaka yanayotosha alikuwa amewalisha jirani zake wali wa kila aina, mbichi na bokoboko, na wote walikuwa wamemchoka.

Namkunda alifinyanga na kukausha ndani ya chumba anacholala, kitanda akakisukuma uani chini ya bati. Alipochoma, karibu nusu ya mitungi ilipasuka; aliisikia ikilia mmoja mmoja. Hakuketi kuihuzunikia. Alirudi mtoni kuchimba udongo, na awamu ya pili akaichomea ndani ya banda la mkaa lisilopata mvua. Iliyopona aliiloweka maji mpaka ladha ya moshi ikatoka.

Siwema alipita nyumba kwa nyumba, na sauti yake ilitangulia kufika. "Arobaini ya Mboni, kila mtu na bakuli lake. Asiye na bakuli aje na sufuria. Asiye na sufuria aje na kofia ya mumewe. Asiye na mume aje kwangu nimpe bakuli, maana sisi tunajuana." Watoto waliyakariri maneno hayo wakayafanya wimbo, na mtaa ukashindwa kusema haukusikia.

Siku ikafika.

Hitima ilisomwa, moto ukawashwa uani, na kwa muda kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha wasaidizi wa jikoni wakaona mvuke mwingi ukitoka pembeni mwa sufuria kubwa kuliko zote, ile ya wageni wa nje.

"Huo wali utatoka kiini," alisema Hidaya, ambaye alikuwa jikoni kama wenzake na hakuwa amekunja mikono. Alisema bila ubaya, kwa sauti ya mpishi. "Lete nailoni kabla hatujaaibika. Tutandaze hii moja tu, wageni wenyewe hawaoni."

Msichana mmoja alikwisha kugeuka kuelekea barabarani. Chausiku alisema, "Asitoke mtu." Aliegemeza kijiti, akaweka sikio. "Majani hayana kosa," alisema. "Ukingo wa sufuria umebonyea. Nipeni unga wa ngano na maji." Alikanda donge, akalinyoosha kama kamba, akalibandika ukingoni kuzunguka sufuria nzima, vidole vyake vikiungua. Mvuke ukakata. Akasikiliza tena, kwa muda mrefu uliomfanya Semhando, aliyesimama mbali, ashike nguzo ya ukumbi. "Umeshiba," Chausiku alisema. "Upalieni." Ilipofunuliwa, pilau ilikuwa imechambuka punje kwa punje, na harufu ya jani la mgomba ilikuwa juu yake kama kitu ambacho wazee walikuwa wamekisahau na vijana hawakupata kukijua.

Watu wakala kwenye masinia. Pilau ikaleta kiu. Mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri na jua la mchana lilikuwa kali. Na saa ile ile, kama ilivyo kawaida ya bomba la Relini, maji yakakatika. Nje barabarani Mbaruku alikuwa amekwisha kufungua katoni. Chupa zilikuwa zimeshinda juani tangu asubuhi. Wageni wa mji wa jirani, wasiojua mwiko wala mwenye mwiko, walianza kuinuka kwenda kununua, na mmoja alikwisha kurudi na chupa mkononi akitafuta mahali pa kukaa.

Namkunda aliondoa magunia mabichi aliyokuwa ameifunikia mitungi yake kivulini. Maji yalichemshwa jana yake, yakalala humo. Alichota kata moja akampa yule mgeni mwenye chupa. Mgeni alikunywa, akafumba jicho moja.

"Haya mmeyatoa wapi? Mna friji?"

"Nina mikono," alisema Namkunda.

Mgeni alienda kurudisha chupa bila kuifungua. Waliokuwa wameinuka wakaketi. Mbaruku alibaki na katoni zake, na baadaye, jasho likimtiririka, alivuka barabara mwenyewe akaomba kata.

Ukaja wakati wa kuaga, ambapo wageni hupakuliwa chakula cha waliobaki nyumbani. Mabakuli yalitoka: ya bati, ya udongo, hotipoti za chuma za harusi zilizokuwa hazijapata kutumika, na mzee mmoja kweli alikuja na kofia, kwa mzaha, huku mkewe ameshika sufuria. Lakini Bi. Hidaya alipofika mbele alifungua pochi akatoa mfuko mweupe, mpya, akautanua mdomo. Nyuma yake wanawake kadhaa walishika pochi zao. Mpakuaji alisimama na upawa hewani, pilau ikifuka mvuke. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu mke wa Mbaruku.

"Mpisheni Bi. Hidaya," ilisema sauti ya Siwema kutoka mlangoni. "Anampelekea mama mkwe. Ila wifi, mama mkwe wako ana meno mawili. Hiyo nailoni ataitafuna vipi?"

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Hidaya alikaza uso. "Siwema, huo mdomo utakuponza."

"Umeshaniponza, ndiyo maana nalala peke yangu. Lete mkono." Siwema alisogea, akatoa bakuli lake la bati, lile la kupimia dagaa, akaliweka kwenye kiganja cha Hidaya.

"Linanuka dagaa."

"Linanuka. Lakini haliyeyuki."

Hidaya alilitazama bakuli. Aliutazama mfuko wake. Kisha naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa Relini kama wengine, akashindwa kujizuia kucheka. Mfuko ulirudi kwenye pochi ukiwa mkavu, na pochi za nyuma yake zikafungwa moja baada ya nyingine.

Mgeni wa mwisho akaondoka. Mwiko wa Bi. Mboni haukuvunjwa.

Sasa wanawake wa Relini waliketi uani, na Bwana Semhando akautoa ule wa mninga. Ulikuwa umelala ndani kwake tangu msiba. Kabla ya kuanza, mama mmoja alimwambia, "Shemeji, ukishindwa kuchagua kabla ya adhana ya magharibi, chama kitachagua. Hiyo pia ni desturi." Naye alijua chama kingemchagua nani.

"Aliyeulinda na aseme," alisema Semhando.

Chausiku alisimama wa kwanza. "Mwiko ulianzia jikoni na ungefia jikoni. Ile sufuria ingetoka kiini, nailoni ingerudi kabla ya wageni kunawa mikono. Hao wengine wangelinda nini?"

"Wewe ndiye uliyetandaza ile yenye tundu," alisema mtu.

"Ni mimi. Ndiyo maana nakijua kishawishi chake. Mnataka mlinzi asiyejua mwizi anapopitia?"

Namkunda hakusimama, magoti yake yalikuwa yanauma kwa udongo wa mwezi mzima. "Mwenye mwiko hakusema kati ya moto na sufuria. Alisema kati ya moto na mdomo. Maji hupita wapi, puani? Mngekula pilau ya majani halafu mkateremshia na maji yaliyopikwa juani kwenye plastiki. Ungekuwa umevunjwa mkiwa mmeshiba."

"Lakini wewe si mpishi," alisema Hidaya. "Na kesho utauza mitungi."

"Nitauza. Mumeo alileta chupa msibani, hakuna aliyemuuliza. Mikono yangu imekaa bure miaka yote mkibeba ndoo zake, leo nikiuza ndiyo mnaona tamaa?"

Siwema alisimama wa mwisho, na watu wakakaa tayari kucheka, lakini hakuwachekesha. "Chausiku alishinda na sufuria. Namkunda alishinda na udongo. Mimi nilishinda na watu. Sufuria ukiiziba imezibika. Mtu ukimziba huku anavujia kule. Wanawake wale wangeshusha nailoni zao zote pale, mbele ya macho yetu, baada ya kazi ya wenzangu kwisha. Mwiko usiolindwa mlangoni haujalindwa."

"Hujui hata kuchemsha maji," alisema Chausiku, si kwa hasira.

"Sijui. Mpishi nitamwomba. Ulimi mtauazima wapi?"

Hapo Mbaruku, aliyekuwa amesimama nje ya uzio, alisema kwa sauti ya kusikika, "Waacheni wavutane. Wakigawanyika, kesho nailoni imerudi."

"Hairudi," alisema Semhando. Hakupandisha sauti. "Gari lako liuze mchele, liuze mabakuli, liuze unachotaka. Lakini mtaa huu umekula leo bila wewe, umekunywa bila wewe, umefungasha bila wewe. Hilo limekwisha kutokea. Huwezi kulifanya lisitokee."

Mtu mmoja alipendekeza kila mmoja aushike mwaka mmoja. Wanawake walikataa, mwiko hushikwa mpaka kufa, la sivyo mwekaji wa miiko atakuwa nani? Mwingine alisema abaki nao Semhando mwenyewe, aliyerudisha rambirambi. "Mimi sikupika, sikufinyanga, sikusimama mlangoni," alijibu. "Nilikataa tu. Kukataa kwangu bila hawa kungekuwa njaa."

Alijaribu kufikiri kama alivyozoea kazini. Pembetatu ina pembe tatu. Ukiondoa moja, yoyote ile, hubaki mstari, na mstari hauzungushi kiwanja. Alimwondoa Chausiku kichwani: mwiko ukavunjika. Alimwondoa Namkunda: ukavunjika. Alimwondoa Siwema: ukavunjika. Kila njia ilimrudisha alipoanzia. Akajaribu kumuuliza Mboni. Lakini Mboni alimpenda Chausiku kama mdogo wake. Alipokuwa mgonjwa hakutaka maji ila ya mtungi wa Namkunda. Na mtu wa mwisho kumchekesha, siku ambayo hata kugeuka kitandani hakuweza, alikuwa Siwema.

Sikio, mikono na ulimi. Mmoja aliyewahi kukosea, na anaijua dhambi hiyo kwa ndani. Mmoja asiyepika, na bila yeye wangekunywa jua. Mmoja asiyejua jiko, na bila yeye jiko lote lingekuwa kazi bure. Mwiko wa mninga ni mmoja. Atakayeushika ataushika mpaka kufa, na siku moja ataweka mwiko wake mwenyewe, nao mtaa utalazimika kuufuata.

Jua lilikuwa limefika juu ya mabati ya stesheni. Muadhini alikuwa akipanda ngazi. Semhando alisimama katikati ya ua, mwiko mkononi, na wanawake watatu walikuwa wakimtazama, hakuna aliyeinamisha uso.

Mimi nimefika mwisho wangu. Sasa simama wewe pale aliposimama yeye. Mwiko ni mzito, una harufu ya moshi wa jiko la mkeo, na adhana haitakusubiri. Unamnyooshea nani?